Benchi la Msibani

Jumamosi, 24 Februari

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya mageti na madirisha. Leo halipati kipimo. Leo naandika hasira, maana nisipoiandika nitammwagia Safina, na mke wangu hana kosa.

Juzi Alhamisi walikuja vijana wanne na barua kutoka wilayani, wakalifungua daraja langu. Boliti ishirini na nne. Nilizikaza kwa mkono wangu mwezi wa kwanza nikizihesabu, wao wakazifungua nikazihesabu tena. Urefu mita tisa na nusu. Upana mita moja na robo, ili watu wawili wapite sambamba wakiwa wamebeba jeneza. Chuma changu, kazi yangu, hakuna mtu aliyechangishwa. Kosa: sina kibali.

Kibali kinatoka wapi? Ofisi ya kwanza inasema kijito si chake, ni cha ofisi ya pili. Ya pili inasema maji ni yake, lakini njia ni ya ofisi ya kwanza na kingo ni za ofisi ya tatu. Ya tatu inasema niandike barua. Nimeandika saba. Majibu: hakuna.

Ng'ambo ya kijito, upande wa Kawetele, ndipo yalipo makaburi yetu Waislamu. Kutoka kwetu Ibighi, kwa miguu, ni mita mia sita. Kwa kuzunguka barabarani ni kilomita kumi na moja. Baba yangu, Mzee Twalib, aliyekuja huku kutoka Kilwa na mzigo wa taa za chemli, amelala ng'ambo. Mama yangu, Bi Hadijah, ana miaka themanini na moja na mahali pake ameshapataja: kushoto kwa baba. Nafasi ipo. Nimeipima.

Sasa vyuma vimerundikwa uani karakanani, vinanyeshewa.

Jumatatu, 26 Februari

Mvua. Geti la shule limekamilika.

Ijumaa, 1 Machi

Mama alitaka kwenda kumsalimia baba kaburini kabla ya Ramadhani, kama kila mwaka. Nimemshika mkono hadi kijitoni. Magogo mawili ya zamani tuliyokuwa tukivukia yameondoka na maji. Alisimama akitazama ng'ambo, akasema, "Twalib, leo nimefika hapa tu." Kisha tukarudi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeitwa msibani kuchinja. Hii ni kazi yangu nyingine, wala siiombi. Wenyeji wetu Wanyakyusa, Wakristo, wanapofiwa huangusha ng'ombe, na ili watu wa dini zote wale, humwita Mwislamu achinje. Miaka ishirini sasa Mwislamu huyo ni mimi. Nafika na kisu changu, natoa pole, nachinja, nanawa, narudi kazini. Dakika kumi. Misiba yao ni siku tatu, nne, watu wamekaa kwenye migomba wanaongea. Sisi tunazika siku hiyohiyo na kesho yake mtu yuko dukani kwake. Sijawahi kuelewa wanaongea nini siku zote hizo.

Na leo nani alikuwa amekaa kwenye benchi katikati yao, anacheka, bakuli la pili la ndizi mkononi? Mbunge wetu, Mheshimiwa Prosper.

Ukutani karakanani, juu ya swichi, nina hesabu ya chaki. Redio yangu hukaa kwenye Bunge kikao chote, nami namhesabia. Mwaka wa nne huu. Maswali: kumi na moja. Michango: sita. Miswada aliyopeleka: sifuri. Sifuri nimeichora kubwa kama gurudumu la baiskeli. Misiba aliyohudhuria sikuihesabu, chaki ingeisha.

Jumanne, 12 Machi

Mfungo wa kwanza. Baridi, ukungu hadi saa nne. Fundi anayefunga hachomelei vizuri alasiri. Nimeharibu dirisha moja.

Jumanne, 19 Machi

Mama ameanguka akitia udhu. Tumempeleka hospitali Igogwe. Presha, na moyo unapiga vibaya. Daktari kijana, mwenye adabu, amesema, "Baba, ana umri mkubwa. Tunamtunza, lakini mjiandae."

Kujiandaa. Mimi nimejiandaa tangu mwezi wa kwanza kwa boliti ishirini na nne.

Jumamosi, 23 Machi

Amerudi nyumbani. Amekunywa uji, amemkaripia Safina kwamba hauna pilipili manga. Alhamdulillah.

Alhamisi, 28 Machi

Futari itasubiri; kwanza niandike.

Mzee Hasheem, fundi wa masufuria, aliyenifundisha kushika nyundo nikiwa sina hata viatu, amefariki alfajiri. Tukamwosha, tukamswalia. Saa sita mchana gari likatangulia kuzunguka barabarani na jeneza. Kilomita ya nne, barabara imemezwa na udongo ulioporomoka. Gari halipiti, pikipiki hazipiti. Wakarudi. Saa nane na nusu tumesimama kwenye kijito, maiti begani, magharibi inatusubiri.

Nikasema tuvuke. Mimi ndiye niliyesema, nisimsingizie mtu.

Tuliingia wanane. Maji kiunoni, baridi ya kukata pumzi. Nilikuwa mbele kulia. Nilihesabu hatua: moja, mbili, tatu. Ya sita, Abbasi aliyekuwa nyuma yangu akateleza. Jeneza likainama. Maji yakaingia. Niliiona sanda ya mzee wangu ikibadilika rangi kuanzia miguuni, nikapiga kelele ambayo sijui ilikuwa dua au tusi.

Ndipo nikasikia mtu ng'ambo akiita, "Mlisho! Msimwachie! Msimwachie!" Ni Mzee Yohane, ambaye shamba lake la migomba limepakana na kijito. Mzee wa kanisa, miaka sabini na kitu. Jina langu, Mrisho, hajawahi kulitamka kwa herufi yake. Aliingia majini na nguo zake zote, nyuma yake wanawe watatu na kamba. Waliifunga kamba kwenye mti, wakajipanga upande wa chini wa maji, wakawa ukuta. Tukasimama, tukapumua, tukavuka. Hatua ishirini na mbili.

Mzee Yohane alibaki makaburini mpaka tulipofukia udongo wa mwisho, akitetemeka, amejifunga kanga ya mkewe. Nikamwambia, "Mzee, sina la kukulipa." Akanijibu, "Utakuja kukaa kwangu. Wewe hukai, Mlisho. Unachinja unakimbia kama umeiba."

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa macho. Habari ilishamfikia.

"Hasheem amelowa?"

"Kidogo, Mama."

Alivuta shuka hadi kifuani. Kisha akasema, "Mimi sitaki kulowa, Mrisho."

"Hutalowa."

"Basi lisimamishe hilo daraja lako. Mimi nitasubiri. Lakini usinisubirishe sana, sina miaka ya kupoteza."

Ijumaa, 29 Machi

Sikwenda kazini.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono ukatae.

Kaka yake Mzee Yohane amefariki. Nimeitwa kuchinja kama kawaida; barabara imeshazibuliwa, nimezunguka. Nimechinja, nimenawa, kisu nimekifunga kwenye kitambaa. Nilipogeuka, Mzee Yohane alikuwa amesimama njiani na fimbo yake, hanipishi.

"Saa ngapi sasa hivi?" akaniuliza.

"Saa nne na robo."

"Umekuja saa nne na dakika tano. Nimekutazama. Kaa."

Nikakaa. Benchi la ubao chini ya migomba, watu sita, mimi wa saba. Wakaleta chakula, nikasema nimefunga. Nilikuwa nahesabu mageti yanayonisubiri. Dakika ishirini. Arobaini. Wanaongea ya parachichi, ya ng'ombe wa fulani aliyeharisha, ya daktari wa mifugo asiyepokea simu. Saa tano na nusu wakasogea, akaja Mheshimiwa Prosper, ametoka Dodoma usiku kucha barabarani, macho mekundu. Akaketi kando yangu. Wakamletea sahani. Akaitazama, akanitazama mimi mikono mitupu.

"Wewe huli?"

"Nimefunga, Mheshimiwa."

"Bahati yako. Mimi huu ni msiba wa tatu tangu asubuhi, na kote ni lazima nile." Akampa sahani katibu wake, Jackson, ambaye aliipokea bila kulalamika. "Wewe ndiye mchinjaji. Kila nikija nakuona mgongo."

Watu wakacheka. Nikaona hapa ndipo pa kusema, la sivyo nitapasuka.

"Mheshimiwa, nikuulize. Miaka minne, mbona hujapeleka muswada hata mmoja? Nakuhesabia kwa chaki."

Mzee mmoja akasema, "Ee!" Mheshimiwa hakukasirika. Alijikuna shingo.

"Unataka sheria gani, fundi?"

Nikamweleza yote. Daraja, boliti, ofisi tatu, barua saba, Mzee Hasheem. Mama sikutaka kumtaja, lakini nikamtaja.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sheria iliyokuzuia ipo. Inayokuruhusu nayo ipo, ukurasa unaofuata tu. Nikipeleka ya tatu, zitakuwa sheria tatu, na mama yako bado yuko ng'ambo hii. Huhitaji sheria. Unahitaji watu watatu wasimame sehemu moja siku moja."

"Hawaji. Nimewaandikia."

"Barua inawekwa chini ya barua nyingine." Akainua kidevu kuelekea benchi la pili. "Yule mwenye koti la kijivu unamjua? Huyo ndiye ofisi yako ya pili. Marehemu ni mjomba wake."

Nikamtazama yule mtu. Miezi mitatu nimepanda ngazi za ofisi yake nikaambiwa yuko kikaoni. Na hapa yuko hatua nane kutoka kwangu, anakula ndizi. Misiba mingapi nimemchinjia ng'ombe, nikampita, nikaondoka?

Mheshimiwa alimwita kwa mkono. Akaja, akaketi, akabanwa katikati yetu kama chuma kwenye jiliwa. Hakuna aliyemgombeza. Mzee Yohane alimsimulia tu namna sanda ilivyolowa. Yule mtu aliacha kutafuna.

"Mimi sikujua ni makaburi," akasema. "Faili linasema kivuko cha watembea kwa miguu."

"Ndivyo nilivyoandika mimi," nikasema. Nilikuwa nimeandika urefu, upana, unene wa chuma. Katika barua saba sikuandika hata mara moja kwamba watu wanavuka hapo wamebeba wafu wao. Nilidhani vipimo vinatosha.

Mheshimiwa akapiga simu mbili palepale, sauti kubwa, kila mtu anasikia. Ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ikapokelewa: "Jumamosi ya tarehe ishirini. Hapana, si ofisini. Kijitoni. Njoo na mabuti." Kisha Jackson akaandika jina la yule ambaye hakupokea, amtafute. Hakunipa chochote, hakuahidi chochote. Alipoinuka kwenda msiba wa nne alinigusa bega, akasema, "Fundi... jina lako nani tena?"

Niliondoka saa saba na nusu. Jumla: saa tatu na dakika ishirini na tano.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Mama amekula pilau vijiko saba. Mzee Yohane na mkewe walikuja, wakaleta mkungu wa ndizi. Yeye na Mama wamecheka kwa jambo ambalo hawakutaka kunieleza.

Jumatatu, 15 Aprili

Kimya. Nimempigia Jackson, hajapokea. Safina ananiambia, "Baba Lulu, bado siku tano, acha kuichungulia simu." Najua ni siku tano. Kuhesabu naweza. Ila nimeshaahidiwa Jumamosi nyingi katika maisha haya.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua siku ya tatu mfululizo. Mama anakohoa.

Jumamosi, 20 Aprili

Wamekuja. Wote watatu, na mabuti, saa tatu na dakika ishirini. Mheshimiwa alishafika saa tatu kamili na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Michoro yangu nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni. Vikanyagio vya zege vilivyobeba lile daraja bado vipo kila upande, nikaanza kuwaeleza huku nikisoma michoro: "Mihimili ilikaa hapa. Mita moja na sentimita sitini juu ya maji. Nilipima mwenyewe." Yule wa ofisi ya kwanza, injinia, mama mfupi mwenye miwani, hakuutazama mchoro wangu. Alikuwa anatazama kijito.

Nami nikatazama. Vikanyagio vyangu havikuonekana. Maji yalikuwa yamevifunika, meusi, yamebeba migomba mizima. Mgomba mmoja ulipita mbele yetu, mizizi juu, pale hasa ambapo mihimili yangu ingekuwa.

"Ulipima mwezi gani?" akaniuliza taratibu.

"Wa kwanza."

Mzee Yohane alitikisa kichwa. "Mlisho, mimi nimezaliwa hapa. Maji ya mwezi wa nne yanafika kwenye lile jiwe. Kila mwaka. Ungeniuliza." Tukapima hadi kwenye jiwe: sentimita hamsini na mbili juu ya mihimili yangu.

Miezi miwili nimewalaani watu kwa kufungua daraja ambalo leo lingeondoka, na pengine lingeondoka na watu juu yake. Walilifungua kwa sababu isiyo na maana, karatasi. Hawakujua kuhusu jiwe zaidi yangu. Lakini namba yangu ilikuwa mbovu, na mimi ndiye ninayejisifu kwa namba. Nimeishi jirani na Mzee Yohane miaka ishirini, nikampitia mlangoni na kisu, nisimuulize maji yanafika wapi.

Injinia hakunicheka. Alisema, "Kazi yako ya kuchomelea ni nzuri, niliiona kwenye picha. Pandisha miguu kwa mita moja na sentimita ishirini, chimba msingi huku nitakakokuonyesha, mimi nasaini."

Basi ikaanza tena: wa pili akasema atasaini akishasaini wa tatu, wa tatu akasema faili liko ofisini. Wakaanza kutazama gari. Hapo ndipo Mheshimiwa, ambaye muda wote hakuwa amesema lolote zaidi ya kuuliza kama kuna chai, alipokwenda akasimama kati yao na gari.

"Nimeendesha kwa saa kumi," akasema. "Hatuondoki mpaka karatasi moja iwe na majina matatu. Mkitaka tulale kwa Mzee Yohane, tutalala. Anakoroma, lakini ni mwenyeji mzuri."

Karatasi ilisainiwa kwenye meza ya Mzee Yohane, kati ya birika na Biblia, saa sita kasoro dakika tano. Nilitoa kalamu yangu mimi.

Jumatatu, 29 Aprili

Kibali kimetoka. Mihuri mitatu. Nimemsomea Mama. Akauliza, "Kimeandikwa mimi nitapita?" Nikamwambia, "Kimeandikwa watembea kwa miguu." Akasema, "Basi natembea."

Ijumaa, 10 Mei

Mvua inapungua. Msingi umechimbwa. Watu wetu wa msikitini kumi na wawili, wa kanisa la Mzee Yohane kumi na tisa. Abbasi anabeba mawe kuliko wote. Bado anajilaumu kwa kuteleza. Nimemwambia kosa la hatua ya sita lilikuwa la aliyesema tuvuke.

Jumanne, 14 Mei

Zege.

Jumanne, 21 Mei

Mihimili imekaa. Nimekaza boliti. Sasa ni thelathini na sita. Injinia alikuja na pimamaji yake, akaiweka juu ya mihimili, akaondoka akitabasamu. Mheshimiwa hayupo, Bunge la bajeti. Nimemsikia redioni leo akiuliza swali kuhusu daktari wa mifugo asiyefika vijijini. Nikakumbuka lile benchi, na yule ng'ombe aliyeharisha.

Nimeongeza mstari wa maswali: kumi na mbili. Sifuri ya miswada nimeiacha ilivyo, maana ni namba ya kweli. Ila pembeni yake nimeandika: daraja, moja.

Ijumaa, 24 Mei

Baada ya swala ya Ijumaa, jua limetoka, Mlima Rungwe wote unaonekana mpaka kilele.

Safina alimshika Mama upande mmoja, mimi upande mwingine. Kwenye daraja akasema, "Niacheni." Tukamwachia. Alishika bomba la pembeni kwa mkono mmoja, kanga kwa mkono mwingine. Nilihesabu kimoyomoyo. Alisimama katikati, akachungulia maji chini, akayaambia, "Hamnipati." Akaendelea. Hatua thelathini na moja, za mtu wa miaka themanini na moja.

Mzee Yohane alikuwa ng'ambo na kiti. Mama alikataa kiti, akakaa kwenye majani kando ya kaburi la baba, akamsimulia mwaka mzima: nani ameoa, nani amefariki, namna mtoto wako alivyokosea vipimo na Mnyakyusa akamsahihisha. Mzee Yohane alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha Mama akaweka kiganja chini, kushoto, pale mahali pake, akapapasa kama mtu anayekagua godoro.

"Pakavu," akasema. "Haya, nirudisheni. Sijapika."

Tumerudi naye. Yupo jikoni sasa hivi, namsikia akimgombeza Safina kuhusu nazi. Sijui nitapewa miaka mingapi zaidi ya kuisikia sauti hiyo. Hii nimeshapewa. Alhamdulillah.

Jumamosi, 1 Juni

Msiba Kawetele. Nimechinja saa tatu, nimenawa, nimefunga kisu. Nikaenda kukaa kwenye benchi. Wamenipa ndizi, nimekula. Mama mmoja aliuliza ni nani anajua injinia anapatikana wapi, maana kalavati la njia ya kwao limepasuka. Nikamwambia akae, nikamwelekeza.

Saa tano Mheshimiwa Prosper akafika, mabuti ya matope, Jackson nyuma yake na daftari. Nikasogea kumpa nafasi. Akaketi, akanitazama, akatazama saa.

"Fundi Mrisho, leo hukukimbia. Kuna nini tena?"

"Hakuna kitu, Mheshimiwa. Leo sina shida. Nimekuja kukaa tu."

Akaletewa sahani. Akaitazama kwa muda mrefu, akaisukuma taratibu upande wangu.

"Basi nisaidie hii," akasema kwa sauti ya chini. "Ni ya nne."

Nikamsaidia.